Fahamu: Mapenzi ya zaidi ya wawili kwa ridhaa, na waliobadili jinsia

Nchini Marekani, wamo watu waliobadili jinsia ambao, wao na wenzi wao, wameafikiana kwa ridhaa na pasipo kufichana kwamba kila mmoja aweza kuwa na mpenzi mwingine. Na mapatano hayo, ambayo hayahesabiwi kuwa hiana, kwa kuwa hiana hukaa katika siri, husimama juu ya masharti wayapangayo wenyewe, nayo hurejewa hali zigeukapo, kama vile mmoja wao aanzapo kubadili jinsia.

Sheria yasemaje? Mwaka 2020, wakati wa janga la Korona, mji wa Somerville, jimboni Massachusetts, uliruhusu wenzi zaidi ya wawili wasajiliwe pamoja, wapate haki kama ya kuzuru wagonjwa wao hospitalini. Mji wa Cambridge, jimboni humo humo, ukafuata mwaka 2021. Hata hivyo, usajili huo si ndoa.