Karatasi za Chuo Kikuu

Ndosho ni mtaa wa Goma, katika njia ya kwenda Sake. Nyumba nyingi ni za mbao, nazo zimesimama juu ya mawe meusi ya milima ya moto.

Nyumba ya mbao huungua upesi. Mtu akiunguza diploma yake, nani atashuhudia ya kuwa alisoma? Ni buku la chuo kikuu, lenye jina lake na pointi zake.

Kwa hiyo chuo kina mtunzaji wa karatasi. Huzipanga kwa miaka, huandika namba juu ya kila sanduku, tena huziinua mbali na sakafu, maana unyevu huozesha na mchwa hula. Mtu akiazima buku, huandikwa jina lake na siku. Kazi ya uvumilivu kweli!

Lakini moto hauogopi kabati. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mawe yaliyoyeyuka yalitiririka katikati ya Goma; hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliharibika. Karatasi zilizoungua siku ile hazikurudi. Basi, mtunzaji mwenye akili hutoa nakala na kuiweka mji mwingine, kwa mfano Bukavu, mwisho wa ziwa Kivu.