SOMO LA LEO: FLORIDI KATIKA MAJI YA KUNYWA

Leo twaanza na meno. Katika sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro, mtoto huota meno ya ukubwani yenye madoa ya kahawia. Wageni hudhani hapigi mswaki. Wamwonea bure: doa hilo liliingia jino likiwa bado ndani ya ufizi.

Kilichotia doa ni floridi. Floridi ikikutana na kalsiamu, ile iliyomo katika chokaa na mifupa, hushikana nayo ikawa jiwe. Tia unga wa jiwe hilo katika lita moja ya maji: zitayeyuka miligramu 16 hivi, unga uliobaki utuame chini. Lakini ikishikana na sodiamu, lita hiyo hiyo huyeyusha gramu 40 hivi!

Sasa, mawe ya volkeno ya Meru na Kilimanjaro yana floridi, na maji mengi ya huko yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Hakuna wa kuikamata floridi njiani, basi yafuata maji mpaka kisimani. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingine vya huko vina mara kumi ya hizo. Mtoto akinywa maji hayo miaka mingi, hata mifupa ya miguu yaweza kupinda.

Mama mmoja atauliza, je, nikichemsha? Kuchemsha huua vijidudu, na floridi si kijidudu. Mvuke hutoka, floridi hubaki. Na yale magadi tutiayo katika makande yaive upesi, mara nyingi nayo yana floridi.

Je, chokaa? Hukamata nyingi, lakini zile miligramu 16 zarudi majini, na karibu nusu yake ni floridi. Ni 8 hivi. Bado ni nyingi mno.

Huko Ngurdoto, chini ya Meru, kituo cha utafiti kilitumia mifupa ya ng'ombe. Huchomwa tanurini ikawa mkaa, ikasagwa punje punje, na maji yakachujwa humo. Mifupa hukamata floridi kuliko chokaa. Ila mkaa huo hushiba. Usipobadilishwa, maji hupita kama yalivyoingia, wala ulimi hautambui.

Maji ya mvua yaliyokingwa juu ya bati safi karibu hayana floridi. Wenye watoto wadogo wawawekee hayo kwanza.

Kwa wiki ijayo, andikeni katika madaftari: kisima chenu kimepimwa floridi? Mwaka gani?