Unapokabidhi Nyumba Yako kwa Kampuni ya Usimamizi

Wapo wenye nyumba mjini Musoma wasioishi mjini humo. Mmoja yuko Butiama shambani kwake, mwingine ana duka Bunda, na nyumba zao za kupangisha ziko Nyasho au Mwisenge. Hao ndio hukabidhi nyumba kwa kampuni ya usimamizi, na pengine kwa dalali aliyejipa jina la kampuni.

Tuchukue mfano wa mwalimu mstaafu wa Butiama mwenye nyumba ya vyumba vinne, kila kimoja shilingi 60,000 kwa mwezi. Kampuni hukusanya kodi ya pango kwa kamisheni ya asilimia 10. Wapangaji hulipa miezi 6 kwa mkupuo, jumla shilingi 1,440,000. Kamisheni ikiwa 144,000, zinazobaki 1,296,000 ni mali ya mwalimu. Lakini kampuni humtumia 200,000 kila mwezi kwa simu; mwezi wa tatu inamwambia kwamba imetengeneza paa, mwezi wa nne kwamba chumba kimoja ki wazi. Mwalimu hawezi kujua kama anadhulumiwa au la, kwa kuwa anapokea fedha bila hesabu. Wakati huohuo, fedha zake za miezi ijayo zinazungushwa na wengine.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humhesabu anayefanya kazi kwa niaba ya mwingine kuwa wakala. Wakala anawajibika kutoa hesabu anapodaiwa, na kumkabidhi mwenye mali kila alichopokea kwa niaba yake, akiisha kutoa ujira wake na gharama alizotumia kihalali. Haki hiyo ipo hata kama mkataba haukuitaja. Hata hivyo, tunashauri mkataba useme ni ndani ya siku ngapi fedha ziwasilishwe baada ya kupokelewa, na ni kiasi gani cha matengenezo kisichoweza kuvukwa bila idhini yako. Dai nakala ya stakabadhi ya kila mpangaji. Chumba kinachosemekana ki wazi, mtume ndugu akakitazame.

Makato yachunguzwe moja moja. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Basi kampuni ikikukata 9,000 za miezi 6 kwa jina la kodi hiyo, iulize imemlipa nani, maana huenda aliyeilipa ni mpangaji wakati wa kununua umeme, na kama kuna wa kurudishiwa ni yeye. Kwa fremu za biashara, mpangaji hukata asilimia 10 ya pango kuwa kodi ya zuio na kuiwasilisha TRA. Cheti cha makato hayo ni chako; kisibaki katika kabati la kampuni, kwani utakihitaji katika hesabu zako za kodi ya mapato.

Ukiamua kuvunja uwakala, iandikie kampuni, na siku hiyohiyo uwaarifu wapangaji kwa maandishi. Hili la pili husahauliwa sana. Mpangaji aliyemlipa wakala kabla ya kujua kwamba ameondolewa amelipa kihalali, nawe huwezi kumdai mara ya pili. Dai lako liko kwa kampuni. Kumfungia mlango kwa kufuli ni kumwonea asiye na kosa. Ofisi ya serikali ya mtaa inaweza kushuhudia barua hizo zikipokelewa.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo makubaliano yenu ndiyo yanayotazamwa kwanza. Mgogoro wako na mpangaji kuhusu nyumba yenyewe hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Fedha zilizobaki mikononi mwa kampuni ni dai la mkataba, nalo hupelekwa mahakamani. Kabla ya kwenda, hakikisha mkataba wa pango umelipiwa ushuru wa stempu, kwani usiolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi. Chukua pia taarifa ya miamala ya simu yako, inayoonyesha kila kiasi ulichotumiwa na tarehe yake.