UZI: Je, chakula cha msaada cha Marekani ndicho kilichoua kilimo chetu?

1/ Jumamosi nilikuwa matangani huku kwetu Ndhiwa, na kama kawaida hotuba zikageuka siasa. Mmoja akashika maiki: "Afadhali Wamarekani wamefunga mkono, chakula chao kilitufanya wavivu." Mwingine akajibu: "Bila wao watu wangekufa." Wote wawili wakapigiwa makofi! Mimi nasoma sayansi ya siasa, na hii kitu imenikaa kichwani wiki nzima. Wacha tuichambue polepole.

2/ Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo jukwaani hupikwa sufuria moja. Kuna msaada wa CHAKULA: gunia linakuja, mnakula, linaisha. Halafu kuna msaada wa KILIMO: mbegu, utafiti, mafunzo kwa mkulima. Marekani imetoa yote mawili. Ukisikia mtu anasema "misaada" tu, muulize ni upi.

3/ "Ilikuwa huruma tu." Hapana, si huruma tu. Sheria ya Marekani ya chakula cha msaada, PL 480, ilipitishwa 1954, wakati maghala yao yalikuwa yamejaa nafaka isiyo na mnunuzi. Ililisha wenye njaa na pia ikawapunguzia wakulima wao mzigo. Tena sheria zao zinataka angalau nusu ya shehena ibebwe na meli za Marekani, hata kama kuna meli ya bei nafuu. Sisemi ni dhambi. Nasema msaada una mwenyewe, na mwenyewe ana hesabu zake.

4/ Mfano mzuri ni India. Ilizoea ngano ya bei rahisi ya PL 480, kisha ukame ukaipiga 1965 na tena 1966. Washington ikawa inaachilia shehena kidogo kidogo, huku ikiishinikiza Delhi ibadilishe sera za kilimo, na ikiwa imekasirishwa na maneno ya India kuhusu vita vya Vietnam. Yaani watu wanangoja meli, na meli inangoja siasa.

5/ India ilifanya nini? 1966 ilinunua tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi kutoka Mexico, iliyotokana na kazi ya Norman Borlaug, na wanasayansi wake kama M.S. Swaminathan wakaifanyia kazi. Serikali ikaunda shirika la kununua nafaka kwa bei iliyotangazwa mapema. Mavuno ya ngano yakatoka kama tani milioni 12 msimu wa 1964/65 hadi kama milioni 20 miaka mitano baadaye. Na utafiti huo wa Mexico ulilipiwa sana na wakfu wa Kimarekani, Rockefeller. Mkono wa gunia na mkono wa mbegu zilitoka nchi moja.

(Si kwamba kila kitu kilinyooka. Walionufaika mapema ni wenye maji ya kumwagilia, na leo Punjab maji ya chini ya ardhi yanazidi kushuka.)

6/ Turudi nyumbani. Kenya ilitoa mahindi chotara H611 kule Kitale 1964, kabla hata India haijanunua ile mbegu. Lakini mbegu ya nyanda za juu haikutatua shida ya Ndhiwa, kwa sababu huku tuna kayongo. Ni gugu lenye maua mazuri ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Shamba la Dani, nyanya yangu, lilikuwa linadumaa likifika magotini. Dawa ilitoka Mbita, hapo tu ziwani: watafiti wa icipe walionyesha kwamba ukipanda desmodiamu katikati ya mistari na nepia pembeni, kayongo hupungua na viwavi wa mabua pia. Ng'ombe naye anapata lishe. Dani alijaribu, sasa anavuna.

7/ "Kilitufanya wavivu." Jamani, chakula cha msaada kimeenda zaidi Turkana, Garissa, Mandera, na kambi za Kakuma na Dadaab. Ndhiwa kilitufanyaje wavivu?

Ila kuna ukweli mmoja hapo. Nafaka ya msaada ikimwagwa sokoni wakati wa mavuno, bei ya gorogoro inaanguka na mkulima anaumia. Ndiyo maana 2007 shirika la CARE, la Kimarekani lenyewe, lilitangaza litaachana na kama dola milioni 45 kwa mwaka zilizotokana na kuuza chakula cha msaada. Lakini kikija wakati wa ukame, ambapo hakuna mtu ana cha kuuza, hakiharibii mtu soko. Kinaokoa maisha.

8/ Tarehe 1 Julai 2025 USAID ilifungwa. Walioshangilia matangani walidhani ni gunia tu limeondoka. Pesa za mbegu na utafiti pia zilikatwa. Na mwaka huo huo mgao wa chakula Kakuma ulipunguzwa. Kujitegemea ni kuzuri, lakini hakuji kwa sababu tu mwenye kukupa ameondoka.

9/ Viongozi wa Afrika waliahidi Maputo, 2003, kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Kenya iko chini ya hapo. Na Katiba ya 2010 iliweka huduma za kilimo kwa kaunti, kwa hivyo hili si swali la Washington wala la Nairobi peke yake. Mwombaji kura akija 2027 na hotuba ya "misaada", muulizeni: wodi hii ina maafisa wa kilimo wangapi? Pesa za utafiti zilizokatwa zitajazwa na nani? Nikivuna, nauza wapi na kwa bei gani?

10/ Nikikosea mahali nirekebisheni, sitakasirika. Mlio Turkana, mwaka wa ukame mambo yalikuwaje kwenu? Na watu wa Ndhiwa: afisa wa kilimo mlimwona shambani mara ya mwisho lini? Dani anasema yeye hakumbuki.