Seramu ya Vitamini C Ikigeuka Kahawia, Usiipake! Sababu Hii Hapa

Umenunua kichupa cha seramu ya vitamini C, ukakiweka mezani karibu na dirisha. Baada ya wiki kadhaa, ile seramu iliyokuwa angavu kama maji inafanana na chai ya rangi. Shoga yako anakwambia, "Hiyo ndo imekolea, we paka tu."

Hapana. Hiyo imeshaharibika.

Anza na parachichi

Kata parachichi uliache mezani. Muda si mrefu linakuwa jeusi, kwa sababu limekutana na oksijeni ya hewani. Likamulie limao, linachelewa kubadilika. Vitamini C iliyomo kwenye limao inasaidia hapo, kwani yenyewe hutangulia kupambana na oksijeni. Kitu chenye tabia hiyo huitwa antioksidanti.

Kwenye ngozi mambo hayako mbali na hapo. Mionzi ya jua na moshi huzalisha chembe huru. Hizi zimepungukiwa elektroni, hivyo hunyang'anya kwa jirani zake. Zinapofanya hivyo huharibu seli na kolajeni, ile protini inayoifanya ngozi ikaze. Mwishowe ni makunyanzi na madoa. Antioksidanti huipa chembe huru elektroni yake, na ugomvi unaishia hapo.

Sasa tatizo ni kwamba vitamini C haichagui pa kujitolea. Ikipata hewa, mwanga au joto ikiwa bado kwenye chupa, inamaliza nguvu humo humo. Ikifika usoni haina kazi tena, na inaweza kuacha rangi ya chungwa kwenye ngozi au kuiwasha.

Kabla hujatoa pesa, angalia haya

1. Chupa. Iwe ya rangi nzito isiyopitisha mwanga, na ifungwe vizuri. Ile ya kioo cheupe iliyoshinda juani kwenye meza ya muuzaji, achana nayo.

2. Rangi. Nyingi huwa angavu au za njano kwa mbali. Ikishafika kahawia, itupe.

3. Kiwango. Asilimia 10 hadi 20 inatosha. Ukizidisha hapo hupati faida zaidi, unaongeza muwasho tu.

4. Wenzake. Vitamini C hufanya kazi vizuri ikiwa na vitamini E na asidi feruliki. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walipima mchanganyiko huo kwenye ngozi ya nguruwe. Kinga dhidi ya madhara ya jua ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya vitamini C na E peke yake.

Ukifika nyumbani, iweke mahali pa baridi na giza. Kabatini panafaa kuliko dirishani.

Je, nipake limao la jikoni?

Usijaribu. Maji ya limao ni makali mno kwa ngozi, na ukitoka nayo juani unaweza kuungua na kubaki na madoa meusi zaidi ya yale uliyotaka kuyaondoa.

Usitegemee miujiza

Seramu haichukui nafasi ya losheni ya kukinga jua. Paka seramu asubuhi, ikikauka paka losheni yenye SPF 30 au zaidi juu yake.

Tena, vitamini C hufifisha madoa taratibu, kwa wiki hadi miezi. Ukiona "seramu" inakung'arisha uso mzima ndani ya siku chache, shtuka. Huenda ni mkorogo uliobandikwa jina zuri, una zebaki au haidrokwinoni. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku Tanzania na Kenya, na zebaki huharibu hadi figo.

Haya, nenda kaangalie kichupa chako sasa hivi. Kina rangi gani?