Kompyuta ya Gemu Bila Kuchoma Akiba: Iwake Kwanza, Ulipe Baadaye

Mdogo wangu aliweka akiba kwenye simu mwaka mzima, mia mbili mia tatu, ili ajijengee kompyuta ya gemu hapa Busia. Nusura imwishie kwa muuzaji mmoja wa kadi ya grafiki.

Njia ya bei nafuu inajulikana: chukua Dell OptiPlex iliyotumika ofisini, ongeza SSD na kadi. Shida ni kasha. Yake ni lile jembamba, na kadi ya kawaida haiingii, inataka ile ya kimo kifupi. Halafu pawa saplai ya mashine hizi mara nyingi haina waya wa kulisha kadi. Ndiyo maana GTX 1650 inatafutwa sana: inakula wati 75 tu, na nyingi hupata umeme kupitia ubao mama. Nyingine zina tundu la waya, kwa hivyo iangalie kwa macho. (Na RX 580 ikiwa imeandikwa 2048SP, shusha bei. Si sawa na ile kamili.)

Sasa yule muuzaji wa mtandaoni. Alidai yuko Malaba, akataka pesa yote kwanza. Dogo akaandika namba, likatokea jina lingine kabisa. Akanipigia kabla ya kuweka PIN.

“Tulia, dogo. Mwambie unakuja uione ikiwaka.”

Simu ikazimwa.

Wiki iliyofuata alipata kadi kwenye kibanda. Ilichezeshwa gemu dakika ishirini ndipo akalipa kwa till, jina la duka likiwa kwenye skrini.