Bodi Iliyoungua Mara Mbili

Mhariri wa kurasa hizi ameniandikia akiniuliza kazi yangu hasa ni nini, maana wanafunzi husikia ya kuwa mimi ni "fundi wa bodi" wala hawajui bodi hizo ni za namna gani. Nafurahi kumjibu, ila nitawasimulia siku niliyokosea, kwa kuwa siku hiyo ndiyo iliyonifundisha zaidi.

Mimi hufanya kazi Ntinda, katika mtaa wa viwanda. Ndani ya sanduku la umeme la mashine nyingi za siku hizi kuna kibao chembamba chenye njia za shaba na vipande vidogo vidogo vilivyounganishwa kwa solda. Hicho ndicho bodi ya saketi. Hupokea habari kutoka kwa swichi za mashine, nacho hutoa amri: vali hii ifunguke, mota ile izunguke. Bodi ikifa, mashine husimama hata kama chuma chake chote ni kizima.

Basi, niliitwa na kiwanda kimoja kinachofunga unga wa mahindi. Msimamizi alinipokea mlangoni akasema, "Ssebo, badilisha bodi upesi, watu wamekaa bure tangu asubuhi." Nilifungua sanduku, nikasikia harufu ya kuungua, nikaona transista moja imepasuka. Nikadhani kazi imekwisha. Nilitia bodi mpya, nikawasha. Mashine ilifunga mifuko michache, kisha ikasimama. Transista ile ile, mahali pale pale! Na bodi hiyo ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika stoo yao. Nyingine ilibidi kuagizwa kutoka ng'ambo.

Palikuwa na fundi mzee wa kiwanda aliyekuwa akinitazama kimya. Akaniambia, "Mwanangu, umeona kilichoungua. Kilichokiunguza je?"

Sikuwa na jibu. Tukaanza upya, na mara hii kwa utaratibu.

Kwanza tulizima swichi kuu, tukaitia kufuli, ufunguo nikauweka mfukoni mwangu mwenyewe. Kisha tukangoja. Hapa nawaombeni msome polepole, hasa ninyi mnaopenda kufungua redio za nyumbani. Katika sanduku lile mlikuwa na draivu pia, yaani chombo kinachotawala mwendo wa mota. Draivu hupokea umeme wa njia tatu wa volti 415, huugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja unaokaribia volti 590, na kuuweka akiba katika kapasita. Ukizima swichi, akiba hiyo haiondoki papo hapo. Taa zote zaweza kuwa zimezimika na kifo kikawa kingali kimekaa mle ndani. Watengenezaji huandika juu ya kifuniko dakika za kungoja. Nyingine 5, nyingine 15.

Dakika zikiisha, bado usiguse. Pima. Nasi hupima mara tatu: kwanza mita hujaribiwa mahali penye umeme unaojulikana, kisha kwenye draivu, kisha tena mahali pale pa kwanza. Msione kuwa ni upuuzi. Mita iliyoharibika husoma sifuri sawasawa na waya usio na umeme.

Tulipokwisha kuhakikisha, nilichomoa kwenye bodi kebo ya ile njia iliyoungua. Kebo hiyo ilikwenda kwenye koili ya vali ya hewa, inayotumia volti 24. Nikapima ukinzani: omu 60, sawa na koili za jirani. Nikamgeukia mzee kumwambia kuwa hapana kosa. Yeye akaishika kebo, akaitikisa kidogo tu. Namba ikaanguka hadi 2.

Sasa fanyeni hesabu mliyofundishwa katika fizikia. Gawanyeni 24 kwa 60, mtapata amperi 0.4, nayo transista ile iliweza kuichukua. Gawanyeni 24 kwa 2, mtapata 12. Kebo ilipita chini ya mkono wa chuma unaokwenda na kurudi. Ngozi yake ilikuwa imelika, na nyaya mbili ziligusana kila mashine ilipotikisika. Tena mtu fulani alikuwa ameondoa fyuzi ya amperi 2 akatia ya 10, ili isimsumbue kwa kukatika. (Hata fyuzi halisi huenda isingaliiokoa transista, maana transista huungua upesi kuliko fyuzi, lakini ingalikatika mapema na kutuonya.)

Kuhusu kubadilisha bodi yenyewe nitasema machache. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzichomoa. Linganisha namba ya bodi mpya na ya zamani, na vile viswichi vidogo vilivyo juu yake. Usiitoe katika mfuko wake kabla ya kuvaa mkanda wa mkononi uliofungwa kwenye ardhi ya umeme. Umeme wa mwili wako, ule wa kusugua nguo, huusikii mpaka ufike volti 3000 hivi, na kuna vipande vya bodi vinavyoharibika kwa 100 au chini yake. Ukiwasha mara ya kwanza, koili zote ziwe zimechomolewa. Uzirudishe moja moja.

Kebo mpya tuliinunua dukani hapo hapo Ntinda kwa fedha kidogo sana. Ile bodi niliyoiunguza nikaitoa transista yake kwa solda, nikatia nyingine, nayo iliendesha mashine mpaka ile iliyoagizwa ilipofika. Thamani yake ilikatwa katika malipo yangu, nami sikunung'unika. Fyuzi ya 2 niliirudisha mahali pake. Ile ya 10 niliondoka nayo mfukoni, asije mtu akairudisha.